Protini za mbwa: acheni kununua picha ya mbwa mwitu!

Niliadimika kidogo, mihangaiko ya hapa Bondeni mnaijua wenyewe. Leo siongelei siasa za nyumbani, wala vibali, wala rand imepanda au imeshuka. Leo naongelea chakula cha mbwa. Najua kuna watakaocheka. Chekeni, halafu someni mpaka mwisho, maana kuna fedha zenu humu ndani.

Kwa wale ambao hawajafika huku: Bellevue ni mtaa ulioshikana na Yeoville, kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg. Ile barabara ya maduka ukiwa Yeoville inaitwa Raleigh, ukivuka kuingia Bellevue inageuka kuwa Rockey. Hapa utasikia Kilingala, Kifaransa, Kishona, Kiigbo, Kizulu, na Kiswahili cha kila namna: cha Bukavu, cha Kigoma, cha Tanga, cha Mombasa. Nyumba nyingi ni za zamani, zina ua mdogo, na ndani ya ua kuna mbwa. Wengi wetu hatukumfuga kwa mapenzi. Tumemfuga kwa sababu ya wezi. Mbwa ni sehemu ya ukuta.

Sasa, kwenye suala la kumlisha huyu mlinzi, Waswahili wa hapa tumegawanyika makundi mawili, na yote mawili yananikera.

Kundi la kwanza ni la "protini nyingi". Hawa ni ndugu zetu wanaofanya vibarua vya bustani na usafi huko Houghton na Sandton. Wanaona mbwa wa bosi anakula kutoka kwenye gunia jeusi linalong'aa, lina picha ya mbwa mwitu amesimama kwenye barafu, na namba kubwa ya dhahabu: asilimia 34 ya protini, 36, 38. Wakirudi Bellevue wanatangaza kwamba chakula chenye asilimia 18 ni takataka, na kwamba mimi na wewe tunawatesa mbwa wetu.

Kundi la pili ni la "mbwa ni mbwa tu". Hawa wanampa pap ya jana na mchuzi uliobaki, basi. Ukiuliza unaambiwa: "Kaka, babu yangu alifuga mbwa kumi, hakuna aliyewahi kuona gunia."

Mimi nasema makundi yote mawili hayajasoma. Na nitaanza na la kwanza, kwa sababu ndilo linalojiona limeelimika.

HESABU KWANZA

Chukua mbwa wa kawaida wa Bellevue, mbwa koko wa kilo 20, mzima, mkubwa, ambaye kazi yake ni kulala kivulini na kubweka mtu akigusa geti. Mwaka 2006 Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilitoa kitabu kikubwa kuhusu mahitaji ya lishe ya mbwa na paka. Kwa mujibu wa hesabu zao, mbwa wa namna hiyo anahitaji takriban gramu 31 za protini nzuri kwa siku. Na ndani ya hizo 31 wamekwisha kuweka akiba ya usalama.

Haya. Mbwa huyo atakula kama gramu 300 za chakula kikavu kwa siku. Gunia la asilimia 18 litampa gramu 54. Amepita mahitaji yake na chenji imebaki. Gunia la mbwa mwitu la asilimia 34 litampa gramu 102. Swali langu kwa watu wa protini nyingi ni dogo tu: hizo gramu za ziada zinakwenda wapi?

Nitawajibia. Mwili wa mbwa hauna ghala la kuweka protini. Ikizidi, ini linaichambua: nitrojeni inatolewa na kuwa urea, figo zinaichuja, inatoka kwenye mkojo. Kinachobaki kinachomwa kama nguvu au kinawekwa kama mafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile namba ya dhahabu uliyoilipia inaishia kukojolewa kwenye ukuta. Kama unataka kumwagilia ukuta wa Hunter Street kwa mkojo wa bei mbaya, ni haki yako. Lakini usije ukaniambia mimi namtesa mbwa wangu!

AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, ambacho vipimo vyake vinafuatwa na viwanda sehemu nyingi duniani, kimeweka kiwango cha chini cha asilimia 18 kwa mbwa mkubwa, ukishaondoa maji. Kwa watoto wa mbwa, na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, ni asilimia 22.5. Hizo ndizo namba za kushika kichwani. Mbili tu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi protini nyingi ni sumu. Kuna wazee wanaosema protini inamfanya mbwa awe mkali, au inaua figo za mbwa mzima. Mbwa mwenye figo nzima anaimudu protini nyingi bila shida. Mbwa mwenye ugonjwa wa figo ni habari nyingine, huyo anahitaji chakula maalumu na daktari wa mifugo. Na mbwa mzee asipunguziwe protini ovyo, maana misuli yake inapungua. Ninachosema ni kwamba namba kubwa haimpi mlinzi wako wa getini kitu ambacho hana tayari.

NAMBA YENYEWE INAHESABU NINI?

Hapa ndipo watu wanapopigwa bao la kisigino.

Mnadhani maabara wanaangalia nyama ngapi imo ndani ya gunia? Hapana. Wanapima nitrojeni. Njia hii iliasisiwa mwaka 1883 na Mdenishi aitwaye Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kwa kuwa protini kwa wastani ina asilimia 16 ya nitrojeni, unapima nitrojeni, unazidisha mara 6.25, unaandika jibu kwenye gunia. Kipimo hakijui kama nitrojeni imetoka kwenye nyama ya kuku, manyoya, ngozi, maharage, au kitu ambacho si chakula kabisa.

Kama mnadhani natia chumvi, kumbukeni mwaka 2007. Huko Marekani na Kanada mbwa na paka walianza kufa kwa figo. Ikagundulika kwamba unga wa gluteni ya ngano na protini ya mchele kutoka China ulikuwa umechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kwa nini melamini? Kwa sababu theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Fanya hesabu ya Kjeldahl: gramu moja ya melamini inasomeka kama gramu nne za protini! Mjanja anatia kemikali, karatasi ya maabara inasema protini ipo tele, mnunuzi anafurahi, mbwa anakufa.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu wa mbali. Mwaka huo huo wa 2007, hapa hapa Afrika Kusini, chakula kikavu cha mbwa na paka kiliondolewa madukani baada ya melamini kukutwa kwenye gluteni ya mahindi. Mbwa walikufa. Mwaka uliofuata, 2008, ujanja ule ule ulifanywa China kwenye maziwa ya watoto wachanga. Watoto 6 walikufa na karibu 300,000 waliugua. Ndugu zangu, hii ndiyo hatari ya kuabudu namba moja. Ukiwaambia wafanyabiashara kwamba unalipia namba, watakuuzia namba.

HUYO MBWA MWITU ANATAFUTA NINI KWENYE GUNIA?

Hoja yao nyingine ni kwamba mbwa ni mbwa mwitu, na mbwa mwitu hali mahindi. Maneno matamu. Lakini mwaka 2013 wanasayansi wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu, wakakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga. Kwa lugha nyepesi: tangu babu zake waanze kukaa jirani na binadamu na kula makombo yetu, tumbo lake limebadilika. Ameshazoea ugali. Mbwa wa Bellevue hajawahi kuona barafu, na hana swala wa kukimbiza Rockey Street.

Halafu angalieni nyuma ya hilo gunia lisilo na nafaka. Mara nyingi namba kubwa ya protini inatoka kwenye njegere na dengu. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza ugonjwa wa moyo kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula vya namna hiyo. Mwisho wa 2022 ikasema ushahidi iliokuwa nao haukutosha kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha. Kwa hiyo sitawaambia kwamba dengu zinaua. Nasema tu kwamba mtu aliyeuziwa "chakula cha asili cha mbwa mwitu" amelipa bei ya nyama akapewa dengu.

Na ile sentensi ya "kuku halisi ndiye wa kwanza kwenye orodha"? Viungo vinaorodheshwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na kuku mbichi sehemu kubwa ni maji. Akikaushwa kiwandani anashuka nafasi. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kinachoniuma ni hiki. Namfahamu mama mmoja wa Kigoma, anauza mboga sokoni Yeoville, ana wajukuu anaowasomesha nyumbani. Mbwa wake alikuwa ananyonyoka manyoya. Muuzaji wa duka moja akamwambia: "Mama, hiyo ni protini ndogo," akamuuzia gunia la mbwa mwitu kwa fedha ambayo ingetosha magunia mawili ya kawaida na chenji. Mwezi mzima, manyoya yale yale. Alipompeleka kwa daktari wa mifugo jibu lilikuwa viroboto na minyoo. Dawa ya viroboto na ya minyoo, basi, mbwa akapona. Yule mama alilipia picha. Fedha ya wajukuu.

SASA NINYI WA PAP

Msishangilie. Zamu yenu imefika.

Gramu 300 za unga mweupe wa mahindi zina kama gramu 24 za protini. Tayari uko chini ya 31. Na hiyo 24 yenyewe ni pungufu kwa ubora, maana mahindi yana upungufu wa amino asidi mbili ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza: lisini na triptofani. Mbaya zaidi, mahindi karibu hayana kalsiamu. Halafu mnamwagia mchuzi wenye vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mbwa atashiba, atatingisha mkia, na atakwisha taratibu mkiwa mnamtazama.

Na babu yako unayemtaja kila siku? Babu hakumpa mbwa ugali mtupu! Kwetu mbwa alipata vichwa vya samaki, mapupu, utumbo wa mbuzi siku ya kuchinja, dagaa waliobaki, na panya aliowakamata mwenyewe. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na unakula na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu imo. Konzi moja ya dagaa kwenye sufuria ya ugali inabadilisha hesabu yote. Bado haujawa mlo kamili, kuna zinki, kuna vitamini, lakini babu alikuwa mbele yako wewe unayekaa mjini.

Jirani yetu mmoja wa hapa mtaani jike lake lilizaa watoto sita. Akawalisha pap. Watatu wakafa, waliobaki miguu ikapinda kama upinde. Watu wa protini nyingi wakaja mbio: "Si tulisema!" Lakini daktari aliyewaona alisema kwanza kalsiamu, kisha protini, kisha minyoo. Kumbe hata pale protini ilipokosekana kweli, haikuwa imekosekana peke yake. Ndiyo maana kuna chakula kinachoitwa kamili: kila kitu kwa uwiano.

Na wenye watoto wa mbwa wakubwa kama Boerboel, sikilizeni. Mmeambiwa protini inapindisha mifupa. Uholanzi walifanya utafiti kwa watoto wa mbwa wa Great Dane, matokeo yakatoka 1991: protini haikuonekana kuwa ndiyo inayoharibu mifupa. Cha kuogopa kwa mbwa hao ni kalsiamu kupita kiasi na kunenepeshwa haraka. Kwa hiyo usimwongezee unga wa mifupa juu ya chakula kilichokwisha kukamilika.

BASI TUSOME NINI KWENYE GUNIA?

Ndugu zangu, nchi hii ina sheria. Chakula cha mbwa kinasimamiwa na Sheria Na. 36 ya mwaka 1947, ile ile inayosimamia mbolea na vyakula vya mifugo. Gunia lililosajiliwa lina namba inayoanza na herufi V, na pembeni limeitaja sheria hiyo. Hiyo ndiyo namba ya kwanza kuitafuta, kabla ya ile ya dhahabu.

Pili, tafuta maneno yanayosema chakula ni kamili, na kwa umri gani: mtoto, mkubwa, au wote. Kama kimeandikwa ni cha nyongeza, hicho ni kitoweo, si mlo.

Tatu, sasa ndiyo uangalie protini. Hapa wanaandika kwa gramu kwa kilo. Ukiona 180, hiyo ni asilimia 18. Mbwa mkubwa 180 hadi 250 inamtosha kabisa. Mtoto na jike anayenyonyesha, nenda 225 na kupanda. Na usilinganishe kopo na gunia bila kuondoa maji: kopo la asilimia 8 lenye maji asilimia 78, ukilikausha lina protini asilimia 36!

Nne, piga hesabu ya siku, usipige ya gunia. Hapa nawatendea haki wauzaji wa bei juu: baadhi ya vyakula vyao vina nguvu zaidi na vinameng'enywa vizuri, kwa hiyo mbwa anakula kidogo na kinyesi kinapungua. Angalia gunia linasema gramu ngapi kwa mbwa wa uzito wako, gawanya, ujue siku moja ni senti ngapi. Halafu mpapase mbavu mbwa mwenyewe. Ukizisikia chini ya vidole bila kubonyeza sana, uko sawa. Mbavu hazisomi matangazo.

Tano, na hili nawaambia wenye maduka ya mtaani, wakiwemo ndugu zetu: acheni kufungua gunia na kupima chakula kwenye mifuko ya plastiki isiyo na maandishi. Najua maskini ananunua kidogo kidogo, mimi pia nilinunua hivyo miaka ya mwanzo. Lakini mfuko mtupu hauna V, hauna tarehe, hauna umri. Mafuta yanachacha, unyevu unaingia, ukungu unaota. Angalau kateni ile karatasi ya gunia muibandike ukutani, na mfuniko uwepo. Ni gharama gani hiyo?

"WATU WANALALA NJAA, WEWE NA PROTINI ZA MBWA!"

Najua hii itakuja, kwa hiyo naijibu kabisa.

Mwaka 2006 mama mmoja wa New Zealand mwenye kampuni ya chakula cha mbwa alitaka kupeleka Kenya tani 42 za unga uliotengenezwa kwa mchanganyiko unaofanana na wa biskuti za mbwa wake, walishwe watoto wenye njaa. Alisema una lishe nzuri sana. Serikali ya Kenya ilikataa, ikasema ni tusi. Na ilikuwa tusi kweli. Lakini angalieni kosa lake lilikuwa nini: aliona orodha ya virutubisho, hakuona mlaji. Alidhani namba zikikaa vizuri basi kazi imekwisha.

Ndilo kosa lile lile ninalolipigia kelele hapa. Anayemnunulia mbwa koko wa getini chakula cha mbwa mwitu hajamwona mlaji. Anayempa jike linalonyonyesha pap tupu hajamwona mlaji. Na hakuna mtoto Kigoma wala Bukavu atakayeshiba kwa sababu mbwa wako Bellevue amekondeana. Atashiba ukiacha kulipia picha, ukanunua gunia la kawaida lenye V, ukatuma tofauti nyumbani. Umemfunga kiumbe kwenye ua, hawezi kwenda kujitafutia. Kumlisha sawasawa ni deni, na deni hulipwa kwa kiasi chake, halipungui wala halizidi.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na gunia mkononi tulisome pamoja.

Naomba kutoa hoja.